Kiti cha Mtu Mmoja

Wiki ya kwanza baada ya kuleta spika mpya chumbani, mama mwenye nyumba alinisimamisha uani nikitoka kuoga. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetoa pole: "Mwanangu, redio yako imekufa?"

Haikuwa imekufa. Ilikuwa inaimba vizuri kuliko ilivyowahi kuimba tangu nihamie pale. Tatizo ni kwamba ilikuwa inaniimbia mimi peke yangu.

Makala haya ni uhakiki wa spika hizo. Nasema uhakiki kwa sababu ndiyo kazi ninayosomea. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, na tasnifu yangu inahusu mipasho katika taarabu za harusi. Nimezoea kuhakiki mashairi na nyimbo, sijazoea kuhakiki mbao na sumaku. Lakini miezi minne ya kuishi na masanduku haya mawili imenivunjia sura nzima ya tasnifu, na kitu kinachoweza kuvunja hoja yako kinastahili kusomwa kwa makini kama kitabu.

Nianze na nilichokiacha. Msomaji aliyewahi kupanga chumba Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sabufa ni nini: sanduku kubwa la besi linalokaa sakafuni, vitoto viwili vya pembeni, taa za buluu zinazoruka na mdundo, tundu la flashi, na rimoti inayopotea kabla mwezi haujaisha. Sabufa iko saluni, iko kwenye banda la chipsi, iko kwenye shughuli za mtaani pale spika za kukodi zinapochelewa. Wapenzi wa muziki wenye vifaa vya bei huidharau. Wanasema besi yake imevimba, mwimbaji amezama, na katikati ya besi na vile vitoto kuna shimo ambamo nusu ya wimbo hutumbukia. Yote ni kweli.

Hata hivyo, lawama hizo zinaisoma sabufa kwa kanuni zisizo zake. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele yake. Inamtafuta aliye nje: anayefua, anayechambua mchele, anayepita njiani na kapu. Wimbi la sauti la hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita saba. Ni refu kuliko chumba changu, na ukuta wa tofali haulizuii kama unavyozuia sauti nyembamba. Ndiyo maana muziki wa jirani hukufikia ukiwa mdundo bila maneno. Jumamosi nilikuwa nafungua mlango, naweka taarabu au dansi la zamani, na ua mzima unafua kwa pigo moja. Mama mwenye nyumba alikuwa na nyimbo zake za kuagiza. Kijana wa chumba cha mwisho alikuwa na malalamiko yake. Hayo yote yalikuwa sehemu ya muziki wa pale nyumbani.

Niliiuza kwa elfu themanini kwa mwenye banda la chipsi, nikajazia na malipo ya miezi mitatu ya kazi ya kunukuu mahojiano ya mradi wa watu wengine, ikatimia laki sita. Kwa laki sita nilipata spika mbili za rafu kutoka duka moja la vifaa vilivyotumika Kariakoo, pamoja na amplifaya ndogo isiyo na taa hata moja ya kucheza. Ni za mtumba, ila kwangu ni mpya. Kila moja ina urefu wa sentimita 30, wufa ya inchi tano na twita ya kitambaa ya inchi moja. Sababu niliyojipa ni tasnifu. Nilikuwa nafanya unukuzi wa nyimbo kwa hedifoni za elfu tano nikiwa maktaba, chini ya feni, na kwa sabufa nikiwa nyumbani, na maneno mengine yalikuwa yananikimbia. Herufi kama s, sh na f hukaa juu sana kwenye mizani ya sauti, maelfu ya hezi huko, na vifaa vyangu vilikuwa vinazipaka matope. Sababu ya pili sikumwambia mtu: nilitaka kuwa na kitu kizuri.

Masharti ya spika hizi ni mengi kuliko ya mganga. Zisibanwe na ukuta. Twita ziwe usawa wa masikio. Umbali kutoka spika hadi spika ulingane na umbali kutoka kila spika hadi kichwa chako, ipatikane pembetatu yenye pande sawa. Chumba changu ni mita tatu na nusu kwa tatu. Nilihamisha kitanda, jiko la gesi likaenda karibu na mlango, meza ya kusomea ikageuzwa kuangalia ukuta. Spika zikakaa juu ya matofali ya saruji niliyoyafunika kanga. Mwisho wa yote palibaki mahali pamoja tu ambapo muziki unakaa sawasawa, nikapaweka kiti cha plastiki. Ukiketi hapo unamwona mwimbaji, karibu unyooshe mkono umguse, amesimama katikati ya ukuta mahali pasipo na spika. Ukisogea nusu mita kushoto, naye anahama.

Kabla ya kununua nilikesha usiku kadhaa nikisoma hakiki za spika kwa Kiingereza. Ni uhakiki wenye msamiati tajiri, na nilijifunza mengi: joto, uwazi, kina, jukwaa la sauti. Waandishi wake wana masikio hasa. Kilichonishangaza ni watu wasiokuwemo. Hamna jirani, hamna mtoto anayelilia uji, hamna mvua juu ya bati. Msikilizaji wa hakiki hizo ni mmoja, ni usiku, na mlango umefungwa. Sisi tukimpata mhakiki anayeuandikia utenzi kana kwamba ulitungwa usomwe kimoyomoyo, tunamrudisha darasani. Hakiki za spika zinafanya hivyo kwa muziki wote wa dunia na hakuna anayeinua mkono.

Jina lenyewe la vifaa hivi lina neno la kimaadili ndani yake. Hai-fai maana yake ni uaminifu wa hali ya juu. Uaminifu kwa nani? Swali hili lina historia. Kuanzia 1915 na kuingia miaka ya 1920, kampuni ya Thomas Edison ilizunguka Marekani na maonyesho ambapo mwimbaji alisimama jukwaani kando ya mashine, wakaimba kwa kupokezana, na hadhira ikapewa changamoto ya kutambua ni nani anayeimba wakati gani. Wakati mwingine taa zilizimwa ili macho yasisaidie. Mwaka 1954 Gilbert Briggs, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Wharfedale huko Yorkshire, alifanya jambo linalofanana na hilo katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London: wanamuziki hai kwa zamu na rekodi zikitoka kwenye spika zake. Maonyesho yote hayo yanasimama juu ya dai moja, kwamba kuna asili na kuna nakala, na chombo bora ni kile kinachofuta tofauti yake.

Jonathan Sterne, katika kitabu chake The Audible Past cha mwaka 2003, ameonyesha kwamba jambo si jepesi hivyo. Anayeimba studio anaiimbia mashine, kwa hiyo ile inayoitwa asili imeshapangwa ili irekodiwe. Sisi tuna mfano wetu wa karibu. Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu na ushei tu. Taarabu ya baraza haina saa, hurefuka kadiri watu wanavyotunza na kuitikia. Ya santuri ina ukingo, na mwimbaji lazima ajue ukingo uko wapi kabla hajafungua kinywa. Spika aminifu kwa santuri ile ni aminifu kwa kitu ambacho kilikatwa ili kienee.

Kanda niliyokuwa naifanyia kazi mimi ni kinyume cha hayo. Hakuna hata mmoja aliyeiimbia.

Ni kanda ya harusi ya mama mdogo, Tanga, mwaka 1991. Mimi sikuwa nimezaliwa. Kikundi cha taarabu kilikuwa uani: kinanda, gitaa la besi, akodiani, ngoma, na mwimbaji mwenye maikrofoni. Mtu fulani aliweka rediokaseti ya betri juu ya mkeka walipoketi wanawake, akabonyeza vitufe viwili, akaenda zake kucheza. Mama aliihifadhi kanda ile kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Nilipoanza uzamili nilimwomba, nikaipeleka kwa fundi hukohuko Tanga, akaihamishia kwenye faili la kompyuta. Ndiyo data kuu ya sura yangu ya tatu.

Katika wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, mwimbaji anaufikia mstari ambao wimbo mzima ulikuwa unauelekea, kipasho chenyewe, na katikati ya mstari anakatiza. Vyombo vinanyamaza pamoja naye. Zinapita sekunde nne. Kisha wanawake wanaumalizia mstari, vigelegele vinafuata, ngoma inarudi, na nusu dakika baadaye upande wa kanda unaisha.

Niliandika kurasa kumi na moja juu ya sekunde nne hizo. Nikazipa jina, kimya cha makusudi. Nilidai kuwa mwimbaji anajikinga: anaupeleka wimbo hadi mlangoni mwa tusi, anasimama, anaiachia hadhira iingie. Kesho yake akiulizwa anaweza kusema kwa dhati kwamba neno lile halikutoka kinywani mwake. Niliinukuu nadharia, nikachora jedwali. Niliiwasilisha kwenye semina ya idara na mtu mmoja alinifuata baadaye kuomba nakala. Msimamizi wangu, ambaye hasifu kitu, aliandika pembeni kwa penseli: "Vizuri."

Sasa nirudi kwenye spika, kwa sababu jambo la kwanza zilizonipa lilikuwa kimya. Sabufa yangu ilikuwa na mvumo wake. Ukiiwasha bila wimbo unasikia mmm ya umeme, na baada ya wiki moja unaacha kuisikia, kama mtu anayeishi kando ya barabara. Umeme wetu ni wa hezi 50, na vifaa duni huuvujisha mtikisiko huo na vizidisho vyake, hezi 100 na 150, moja kwa moja kwenye spika. Amplifaya mpya haivumi. Niliigusa mara tatu usiku wa kwanza kuhakikisha imewaka.

Usiku wa tisa au wa kumi niliweka kanda ya harusi. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki na daftari mapajani, natafuta neno moja katika ubeti wa pili lililonishinda. Nikasikia mvumo. Nikainuka kuangalia nyaya, nikachomoa chaja ya simu, nikarudi kuketi. Mvumo upo. Nikasimamisha wimbo, mvumo ukakatika. Basi haukuwa wa chumba changu, ulikuwa ndani ya kanda. Nikajisemea ni deki ya fundi, nikaacha wimbo uendelee.

Ulipofika pale kwenye kimya changu cha makusudi, mvumo ulikatika.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Mwimbaji anaimba, vyombo vinapiga, mvumo upo chini ya yote. Halafu, katikati ya neno, kwa mkato mmoja, vinatoweka pamoja: sauti yake kubwa, kinanda, gitaa la besi, mvumo. Kama ungekuwa wa deki ya fundi ungeendelea hadi mwisho wa faili. Huu ulikuwa wa pale uani, ukitoka kwenye amplifaya ya kikundi miaka thelathini na kitu iliyopita, na ulikoma kwa sababu amplifaya ilikoma. Umeme ulikatika. Rediokaseti ilikuwa ya betri, ikaendelea kurekodi.

Siku zote nilizosikiliza kwa sabufa, mvumo wa sabufa yenyewe ulikuwa umekalia masafa yaleyale. Mvumo wa kanda ulipokatika, wa chumbani kwangu uliendelea, na sikio langu halikuona tofauti. Hedifoni za elfu tano hazikuwa na besi ya kutosha kunionyesha chochote chini huko. Usiku ule nilifungua faili kwenye programu ya kuhariri sauti inayochora masafa, na mstari ulikuwepo pale kwenye hezi 100, umenyooka kama uzi, kisha umekatwa. Ulikuwepo miaka miwili yote. Sikuwahi kuwa na sababu ya kuutazama.

Na zile sekunde nne hazikuwa kimya. Rediokaseti za aina ile hujirekebisha zenyewe: sauti kubwa ikipotea, chombo hujiongezea usikivu taratibu, na vitu vidogo vinaanza kupanda. Kwenye kiti cha plastiki nilivisikia vikipanda kimoja baada ya kingine. Mtu anavuta pumzi. Mtoto anakohoa. Bangili zinagongana. Mwimbaji bado anaimba, yuko mbali, mdogo, bila maikrofoni, anamaliza neno lake gizani halafu anaacha. Kisha karibu kabisa na rediokaseti, mwanamke mmoja anauchukua mstari mahali ulipoangukia na kuumalizia peke yake, hana wasiwasi na hata herufi moja. Wengine wanamfuata. Mwanamke mwingine anacheka, kicheko cha kushtukizwa kinachopanda ngazi mbili na kukatika. Kwenye daftari niliandika: "Kicheko. Mwanamke asiyejulikana."

Nilikaa pale mpaka saa nane za usiku. Sitaficha kwamba hisia ya kwanza haikuwa furaha ya ugunduzi. Nilihesabu kurasa. Kumi na moja, na jedwali. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano kuwasilisha, na ada ya muhula wa ziada sikuwa nayo kwa kuwa niliigeuza spika. Nilifikiria, kwa dakika kadhaa, kunyamaza. Kanda ni yangu, faili ni langu, hakuna mtahini atakayeketi kwenye kiti changu. Hoja yangu ilikuwa nzuri na ilikuwa imeshapata "vizuri" ya penseli. Halafu niliona kwamba, nikifanya hivyo, kimya cha makusudi pekee katika tasnifu nzima kitakuwa changu.

Msimamizi alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Nilipomaliza alicheka mpaka akavua miwani. "Kwa hiyo," alisema, "ule mtindo uliouchambua kwa kurasa kumi na moja, mtunzi wake ni umeme?" Baadaye alisema jambo la maana zaidi: nimejua kilichotokea, bado sijajua kilichomaanisha. Je, nimemuuliza mtu aliyekuwepo?

Sikuwa nimeuliza. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemwomba mama kanda, kopo, tarehe na nauli ya fundi. Sikuwahi kumwomba asikilize.

Nilikata vipande vya sekunde ishirini nikamtumia kwa WhatsApp. Mama ana simu ndogo yenye ufa kwenye kioo, na spika yake, kama ya simu nyingi, ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele. Haina besi kabisa. Faili lenyewe lilikuwa limebanwa na kubanwa tena. Kwa vigezo vyote nilivyojifunza katika zile hakiki, alichokisikia mama hakikuwa muziki. Alinipigia kabla sijaweka simu chini.

"Eeh! Siku ile umeme ulikatika! Tukamalizia wenyewe."

Nikamuuliza aliyeanza ni nani.

"Si somo wa mama yako mdogo huyo. Kajisahau! Maneno yale kayapeleka mwenyewe kwa mwimbaji siku mbili nyuma, kamlipa, kamwambia jina langu lisitajwe. Umeme ulivyokatika akaona maneno yake yanapotea, akadakia. Watu wote wakajua ni ya nani."

"Na anayecheka?"

"Ni mimi," alisema mama. "Hunijui?"

Sikumjibu haraka. Nilikuwa nimekisikiliza kicheko kile mara thelathini, kwa spika za laki sita, kwenye pembetatu yenye pande sawa. Nilijua kinapanda ngazi mbili. Nilijua kilikuwa umbali gani kutoka kwenye maikrofoni. Mama alikuwa na miaka ishirini na miwili, alicheka hivyo kabla hajanizaa, na mimi niliandika asiyejulikana.

Nilimuuliza kipasho kilimlenga nani. Akasema hayo ni ya wakubwa. Nikamwambia nina miaka ishirini na sita. "Hata hivyo," akasema.

Hukumu yangu juu ya spika inatoka kwenye simu ile. Ni nzuri, na zilistahili pesa yangu. Zilikuwa aminifu kwa kanda kiasi kwamba zilinipa hata mvumo ambao kila mtu pale uani angetaka usiwepo. Mhakiki mzuri wa maandishi hufanya kazi hiyohiyo: hasafishi, anakuonyesha doa na kukuacha ujiulize limetoka wapi. Bila spika hizi ningewasilisha kosa lililopambwa vizuri. Lakini uaminifu wake ulifika hadi mahali rediokaseti ilipowekwa, ukaishia hapo. Ziliniambia kuna mtu. Kuniambia ni nani hazikuweza, na za milioni kumi zisingeweza pia. Hilo lilikuwa katika sikio la mwanamke wa Tanga mwenye simu yenye ufa, ambaye hakuhitaji kusikia vizuri kwa sababu alikuwa anajua.

Sura ya tatu nimeiandika upya na inasema karibu kinyume cha ile ya kwanza. Nilidhani mwimbaji amejificha nyuma ya hadhira. Kumbe mtunzi alikuwa amejificha nyuma ya mwimbaji, kama walivyofanya wengi walioagiza mipasho kabla yake na baada yake, na umeme ulipokatika pazia lilianguka. Ile sauti iliyodakia mstari bila wasiwasi na hata herufi moja ilikuwa sauti ya mtu anayelinda mali yake. Swali la umiliki wa kipasho, ambalo katika toleo la kwanza lilikuwa na aya mbili, sasa ndilo sura yenyewe. Kuna jedwali jipya lenye safu ya "Mtunzi". Mama ameniomba nisiandike jina, kwa kuwa wenyewe wapo na wanasalimiana. Nimeandika: somo wa bibi harusi.

Imebaki kesi ya mama mwenye nyumba, na kwake spika zangu zina hatia. Wufa ya inchi tano haiwezi kuufulisha ua. Nimejaribu kuweka singeli, muziki unaokwenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na uliozaliwa kwenye mitaa ya Dar es Salaam ili utikise mtaa mzima, na kwenye kiti changu cha plastiki ulisikika safi, mwembamba na wa kuonea huruma, kama mchezaji wa mpira aliyevalishwa suti. Kila chombo kilikuwa wazi, ila nilikuwa nimekaa, nao si muziki wa kukaa. Anayeuliza spika zipi ni bora, ajibu kwanza muziki wake ulikuwa unataka kuwafikia wangapi.

Jumamosi iliyopita nilifanya jambo ambalo hakiki zote zinalikataza. Kanda ya harusi ilirekodiwa kwa maikrofoni moja, kwa hiyo spika ya kushoto na ya kulia zinasema kitu kilekile, na pembetatu haina cha kuongeza ila ukali wa katikati. Niligeuza ya kulia ikaangalia mlango, nikaufungua. Mama mwenye nyumba alikuwa anafua mashuka. Aliinua kichwa, akasikiliza kidogo, kisha akaliburuta beseni lake mpaka karibu na kizingiti changu.

"Kumbe haijafa," alisema. "Ongeza kidogo."